Jirani Aliyeonekana kwa Jina Tu

Nelima alipoandikwa kazi ya kupakia matunda makavu katika kiwanda kimoja cha Thika, alipanga chumba Kiuu, Ruiru, kwa sababu ndiko alikopata. Hakuwa na mtu huko. Watu wake wote walikuwa Webuye. Mbali na blanketi na sufuria, kitu pekee cha nyumbani alichobeba kilikuwa PSP, ile mashine ndogo ya geimu ya kushika mkononi. Kaka yake Lenny alikuwa na yake. Jioni nyingi walikuwa wakishindana magari, kila mtu akiwa chumbani kwake, wakitaniana kwa sauti kupitia ukuta.

Jumapili moja baada ya kanisa alimkumbuka Lenny mpaka akakosa hamu ya chakula. Akaiwasha mashine na kubonyeza mahali pa kutafuta mchezaji mwenza. Alijua hatapata kitu. Mashine hizo hazihitaji mtandao wala bando. Moja hufungua chumba cha mchezo, nyingine hukitafuta, kisha zinaongea zenyewe kwa mawimbi, mradi zote zina geimu ile ile na ziko karibu. Zikitenganishwa na majengo machache tu, zinapoteana. Na Lenny alikuwa Webuye.

Lakini chumba kilitokea. Aliyekifungua aliitwa GITHAE.

Nelima alikaa akilitazama lile jina. Mtu huyo alikuwa hapo hapo, labda nyuma ya ukuta, labda ng'ambo ya kamba za nguo. Akaingia. Wakashindana, na Githae akamwacha mbali sana. Kisha, karibu na mwisho, gari lake likasimama. Nelima alidhani mawimbi yamekatika. Kumbe alikuwa akimngoja. Alipomfikia, wakamaliza pamoja.

Geimu ile haikuwa na mahali pa kuandikiana. Ilionyesha majina tu. Basi Nelima akatoka kwenye mchezo, akafuta jina lake katika mashine, akaandika jingine, akarudi. Sasa aliitwa UKO WAPI.

Chumba kikafungwa. Kilipofunguliwa tena, mwenyewe aliitwa FLETI YA BLU.

Nelima akachungulia dirishani. Fleti ya bluu ilikuwa mkabala na ploti yao ya vyumba vya kupanga. Akaandika: SHUKA.

Jibu likaja: SIWEZI. MGUU.

Wakaendelea hivyo kila Jumapili, na siku nyingine Nelima akitoka kazini mapema. Jina moja, mbio moja, jina jingine. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Githae alianguka akijenga, kwamba anaishi kwa dada yake Tabby, kwamba ngazi zimemshinda. Nelima naye akamwambia jina lake ni nani na kwao ni wapi. Kazini wenzake walianza kumuuliza anacheka na nani.

Hatimaye akajipa moyo, akaandika: NAKUJA JPILI.

Jibu likaja: NGOJA NINYOE.

Jumapili hiyo kiwanda kiliwaita wote kazini, shehena ilikuwa inasafirishwa. Hakuwa na namba ya simu ya Githae; hawakuwahi kuombana. Ujumbe wao ulipita tu wakati mashine zote mbili zimewaka na ziko karibu. Aliporudi jioni alitafuta chumba, hakikuwepo. Kesho yake pia hakikuwepo. Siku iliyofuata akapanda ngazi za fleti ya bluu, akaulizia kwa Tabby, akakuta kufuli mlangoni.

Keateka, mwangalizi wa fleti hiyo, mzee aliyeitwa Nicanor, alikuwa akifagia.

"Hao walihama, siste. Dada yake alipata nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Huko Thika, Kiganjo."

"Una namba yake, baba?"

"Niko nayo, lakini haingii tangu watoke." Akamtazama. "Huyo kijana Jumapili alishinda kwenye kiti pale mlangoni. Nikamuuliza unangoja nani, akatazama ngazi tu."

Nelima alishuka polepole. Kilichomuuma zaidi si kwamba Githae ameondoka. Ni kwamba ameondoka akiamini hakuna aliyekuwa anakuja.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi akitoka kiwandani hakuelekea nyumbani. Alikwenda Kiganjo, akatembea vichochoro vyake mashine ikiwa mkononi. Alisimama mbele ya kila ploti, akabonyeza kutafuta, akangoja, akasonga. Wanawake waliokuwa wakifua walimwangalia. Mmoja alimuuliza kama anapima shamba. Siku moja chumba kilitokea, lakini mwenyewe aliitwa BOSI, na lilikuwa kundi la wanachuo wakicheza kwenye veranda. Mvua zilikuja, zikaisha. Lenny akamwambia kwa simu, "Dada, wachana na hiyo maneno. Hata sura yake huijui." Nelima alisema sawa, na Jumamosi akarudi tena.

Jumamosi moja, upande mwingine wa Kiganjo, karibu na geti la mabati, chumba kikatokea kwenye kioo. Mwenyewe aliitwa NELIMA.

Alidhani mashine imeharibika na kumwonyesha jina lake mwenyewe. Akazima, akawasha, akatafuta upya. NELIMA. Akabisha geti.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na povu la sabuni mikononi. Nelima akainua mashine yake.

"Ai!" mwanamke akasema. "Wewe ndiye wa Kiuu?"

Alikuwa Tabby. Akamshika mkono na kumwingiza ndani. Dirishani, PSP nyingine ilikuwa imechomekwa kwenye stima, kioo kikiwaka.

"Kila wikendi lazima niiwashe na kufungua hicho chumba cha geimu. Aliniapisha. Nilimwambia hakuna mtu atakuja mpaka huku, akasema niiwashe tu."

"Yeye yuko wapi?"

Tabby akaketi. "Eldoret, kwa uncle. Anafundishwa kutengeneza cherehani, kazi ya kukaa. Siku hizi anatembea na mkongojo." Akaipiga namba na kumpa simu.

"Hallo?" Sauti ilikuwa nzito kuliko alivyoiwazia.

"Ni Nelima. Niko kwenu."

"Nilikuwa nimenyoa," Githae akasema.

"Walituita kazini, Githae. Sikuwa na njia ya kukuambia."

"Sasa najua."

Siku hizi wanapigiana simu. Walijaribu pia kucheza kwa programu ya simu inayoiga ile mashine na kupitisha mchezo kwenye intaneti, lakini magari yaliruka na kupotea, na Githae hakuweza kumngoja kwa sababu hakujua yuko wapi barabarani. Wakaacha. Githae alitaka kumtumia picha. Nelima akasema angoje aje mwenyewe.

Atakuja Desemba, akimaliza mafunzo. Nelima ameomba likizo kiwandani na amepewa. Tabby humwita kwake Jumamosi, wanakula, wanazungumza habari za Githae, na Nelima akiondoka humuuliza tena, kana kwamba hajawahi kuuliza, Githae hucheka vipi akiwa karibu na mtu.