Msomaji wa Maji ya Shari

Hata vita vilipoingia Bunia, mfanyakazi wa maji hakuacha kushuka mtoni Shari asubuhi, saa ileile tuliyokuwa tukifua nguo. Alikunja suruali mpaka magotini, akaingia majini, akaufuta tope ule ubao wa namba za kupimia kina cha maji uliosimikwa chini ya daraja, kwa kiganja, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa. Alisoma kwa sauti, akangoja, akasoma tena, ndipo akaandika. Namba aliyoisoma mara moja tu hakuiandika kamwe. Nasi tulimsikia, wiki baada ya wiki, namba zikishuka, tangu wachimba dhahabu walipougeuza mto kule juu na miti ya kando kuishia kwenye magunia ya makaa.

Siku moja mwanamgambo alimfuata mpaka majini, akamnyang'anya daftari, akamwekea bunduki shingoni. Tuliacha kufua.

“Hizi namba ni za nini? Weye unahesabu watu yetu wanaopita pa daraja?”

“Ninahesabu maji, chef, mkubwa,” alisema, kwa sauti yake ileile ya kusomea. “Inama uangalie.”

Mwanamgambo akainama. “Kumi na moja.”

“Ngoja kidogo, kisha soma tena, chef. Siye tunasoma mara mbili.”

Nilifumba macho. Nilipofumbua, bunduki ilikuwa imeshuka, na mwenye nayo alikuwa ameshainama tena ubaoni, sasa akitazama kule juu, upande wa machimbo ya wenzake.

“Sasa iko kumi,” alisema polepole.

Mfanyakazi wa maji akanyoosha mkono, apewe daftari aandike.