Pilipili ya Noeli

Bado nina hasira, na mwenye kosa ni mimi mwenyewe. Katika chumba cha video hapa Salamabila, mimi ndiye ninashika mikro na kutafsiri picha kwa Kiswahili. Kila Noeli wachimbaji wanaomba ile ya zamani ya kuchekesha: wanaume wawili wasiopatana wanasafiri pamoja kwenda kwao kwa sikukuu. Ilikuwa ya Kiingereza. Sijui Kiingereza. Nilikuwa ninatunga tu, na watu walicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka huu tukapata picha ile ile kwa Kifaransa, na hicho ninakisikia. Mwishoni, mmoja wa wale wawili, yule mwenye maneno mengi, anakula peke yake huku analia, anasema hana kwao, hana mutu anayemungojea. Mimi pia sijafika kwetu Kasongo Noeli ya tatu sasa. Nikabaki kumuangalia tu, nikasahau kutafsiri. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Nikafoka kwenye mikro: "Munacheka nini? Mutu iko analia, nyinyi munacheka? Hamuna roho?"

Papa Saidi, mchimbaji mzee wa benchi ya mbele, akanigeukia pole pole.

"Mwanangu, kila Noeli unatuambia analia juu ya pilipili."