Nilimwambia mke wangu hana maziwa, kumbe pampu niliyomnunulia haikuwa saizi yake

Salaam wakuu.

Wengi mnanijua kwa zile nyuzi za mashine za boti. Leo si mashine. Ni aibu yangu, na nimekaa nayo miezi zaidi ya sita bila kumwambia mtu. Nitaieleza ilivyokuwa, pamoja na zile sehemu ambazo ningependa kuziruka. Atakayenitukana ana haki yake.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa kisiwani Amu, nyumba yangu iko Wiyoni. Mke wangu nitamwita Rukia, kwao ni Faza, safari ya boti kutoka hapa. Tuna mtoto mmoja, binti, nitamwita Nasra. Sasa ana miezi minane.

Mimba ilipofika miezi saba nilianza kununua vitu. Nilinunua kama mtu anayefungua duka. Nilikuwa natazama video za watu wa Nairobi na wazungu wakionyesha chumba cha mtoto, kila kitu cheupe, kila kitu kina betri. Nikajiambia mtoto wa fundi hawezi kulelewa kizamani.

Mzigo ulitoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, ukavuka na boti ya abiria. Kitanda chenye magurudumu. Kigari cha kusukuma mtoto. Mashine ya mvuke ya kusafishia chupa. Kifaa cha kupashia maziwa. Chupa sita. Na pampu ya umeme ya kukamulia maziwa ya mama.

Hiyo pampu ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Ina motor ndogo, safi, haipigi kelele. Niliifungua nikaiangalia ndani kabla hata ya mtoto kuzaliwa.

(Kuhusu kigari, mnaoijua Wiyoni mshaanza kucheka. Mchanga. Na ukifika mjini ni vichochoro, ngazi na punda. Nilikisukuma siku moja, nikarudi nimembeba mtoto mkono mmoja na kigari mkono wa pili. Siku hizi kinabeba mitungi ya maji, na kwa kazi hiyo ni kizuri kweli.)

Rukia sikumuuliza kitu. Yeye aliomba kitu kimoja tu, kiti kifupi chenye mgongo, akae vizuri akinyonyesha. Nikamwambia kiti si kitu cha mtoto.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe, Bi Mwanaisha, alikuja kutoka Faza kukaa na binti yake siku arobaini, kama ilivyo desturi. Alikuja na kikapu. Kanga kuukuu zilizolainika, mafuta ya nazi, kikombe kidogo na kijiko, na susu, kile kitanda cha kamba cha kuning'iniza mtoto akabembezwa.

Nikamwambia, "Mama, hivi vya kwenu tuviweke stoo kwanza, hapa kila kitu kipo."

"Haya, mwanangu," akasema.

Kwa wasio wa huku, niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa. Mama mkwe na mkwewe wa kiume wana haya kubwa baina yao. Mambo ya mwili hayazungumzwi. Bi Mwanaisha akiwa na neno la uzazi humwambia binti yake, na mimi nikiwa upande wa pili wa pazia nasikia. Hanitazami, wala hanitaji.

Mimi ule ukimya niliuchukulia kwamba hajui kitu.

Wiki ya kwanza Nasra alinyonya, akalia, akalala, kama mtoto yeyote. Lakini mimi sikutulia. Akiwa titini huoni amepata kiasi gani. Fundi hapendi kitu asichoweza kukipima. Siku ya kumi nikaitoa pampu.

Nusu saa nzima, pande zote mbili. Ikatoka ml thelathini.

Rukia alikuwa ameuma pindo la kanga. Akaniambia, "Inauma."

Nikamwambia, "Utaizoea."

Wakuu, hilo neno nalikumbuka kila siku.

Upande wa pili wa pazia Bi Mwanaisha akasema, "Rukia, mtie mwana titini. Kitu hiki kitakutoa zidonda." Alimsemesha binti yake, lakini sauti aliipandisha ili inifikie mimi. Nikajifanya sikusikia.

Nikatunga ratiba. Kila saa tatu pampu, kisha chupa. Nikabandika karatasi ukutani, nikawa naandika saa na ml. Thelathini. Ishirini na tano. Ishirini. Kila siku inashuka, na kila ikishuka nilikuwa namtazama Rukia kana kwamba kuna kitu amekificha.

Siku moja nikaipiga picha ile karatasi pamoja na chupa, nikaituma kwenye group yetu ya mafundi. Nikaandika, "Tangi limekauka wakuu, nifanyeje?"

Wakacheka. Mmoja akasema nibadilishe tangi lote. Mimi nikajibu kwa vikaragosi vya kucheka, vinne.

Niliahidi siruki kitu. Ndiyo hiyo.

Nilikuja kujua baadaye kilichokuwa kikimshibisha mtoto. Mimi nikitoka kwenda kazini, mama na bintiye walikuwa wakimnyonyesha haraka haraka kabla sijarudi. Ndani ya nyumba yangu, mwanangu alikuwa akilishwa kwa kujificha, na anayefichwa ni mimi babake.

Siku ya thelathini nikamwambia Rukia, "Kubali tu. Wewe huna maziwa. Si kosa lako, lakini huna. Nitauliza kliniki tununue maziwa ya kopo gani."

Bi Mwanaisha alikuwa amekaa pale pale, anakunja kanga za mtoto. Hakuinua uso.

Siku mbili baadaye akaaga. Arobaini haijaisha. Watu wa pwani mnajua maana ya mama kuondoka kabla ya arobaini ya uzazi wa kwanza wa bintiye: ni kutangaza kuna ugomvi nyumbani. Majirani waliuliza, nikawaambia kuna shughuli kwao. Na niseme kweli, moyoni nilihisi nafuu. Nilijiona sasa naweza kulea mtoto wangu kisasa bila kuangaliwa.

Baada ya hapo Rukia hakuwa na mtu. Ratiba ilifuatwa vizuri, na mtoto akaanza kunyong'onyea. Akawa halii sana. Mimi nikamwambia Rukia, unaona, ameanza kutulia.

Wiki ya sita tukaenda kliniki. Nikaibeba ile pampu kwenye mfuko nikamwonyeshe daktari kwamba sisi tunafuatilia mambo.

Nesi aliyetupokea alikuwa dada wa bara, mtu wa Meru. Akampima Nasra, akaangalia kadi, akampima tena. Uzito haukuwa umepanda kama inavyotakiwa. Akaniuliza anakulaje. Nikamweleza ratiba yote, na nikatoa pampu mezani kwa fahari, naona aibu kuandika.

Akaichukua ile faneli ya plastiki, ile inayokaa kwenye titi. Akaigeuza geuza.

"Hii mlipima?"

"Kupima nini, Sister?"

"Faneli zina saizi, baba. Hii iko kubwa kwake." Akamwita Rukia nyuma ya pazia, akakaa naye kidogo, kisha akatokeza kichwa. "Mama ameumia. Ngozi imevutwa mpaka imekuwa zambarau. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Sikuwahi kuangalia kitu kingine ila ile chupa.

"Na hata ingekuwa saizi yake," akaniambia, "hiyo mashine haiwezi kukuambia mama ana maziwa kiasi gani. Mtoto akishika vizuri anavuta kuliko hiyo. Mama akiogopa na kuumia, hata yaliyopo hayashuki. Na mtoto wa umri huu hapewi kwa saa, anapewa akitaka."

Akarudi ndani. Nikawasikia. Anamwambia Rukia aegemee nyuma, amlete mtoto kifuani, asubiri afungue mdomo wote. Halafu nikasikia sauti ndogo ya kumeza. Ikaja nyingine. Zikawa zinafuatana.

"Baba Nasra, unasikia?" nesi akauliza. "Anameza."

Nilisikia pia Rukia analia.

Sasa wakuu, mnajua kazi yangu. Mimi nalishwa na pampu. Mtu akiniletea mashine inachemka, maji ya kupoza hayatoki, kitu cha kwanza nafungua pampu nitazame mpira wa ndani unaosukuma maji. Kama ni mdogo, mkubwa au umelegea, unavuta hewa tu. Miaka yote hiyo sijawahi kumwambia mteja kwamba bahari imekauka.

Lakini mke wangu mwenyewe nilimwambia.

Nesi akatufundisha kukamua kwa mkono, na mtoto kupewa ya kuongezea kwa kikombe kidogo, polepole, akiwa ameinuliwa kidogo. Kikombe. Nilirudi nyumbani nikaingia stoo kukitafuta kile alichokuja nacho Bi Mwanaisha.

Wiki hiyo hiyo nikapanda boti asubuhi kwenda Faza.

Bi Mwanaisha alinipokea kama mgeni wa heshima. Akaniuliza hali ya mtoto, akanipikia wali na samaki, akanisimulia habari za shamba. Neno la lawama hata moja sikulisikia. Chakula kilikuwa kizuri.

Nilipomaliza nikasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. La pampu nimelielewa."

Akatazama mkeka. "La mashine naliliona mapema. Lakini nitakwambiaye, mimi mkweo? Hayo ni mambo ya haya, hayana kosa la mtu."

Nikadhani yameisha.

"Mimi sikuondoka kwa hilo," akasema. "Rukia meyaona maneno ya simuni mwako. Kanisomea. Mwanangu mefanywa mzaha na watu asowayua, nawe uko nao."

Sikujua kwamba Rukia aliona. Wiki zile zote alikuwa akiifunga ile pampu kifuani, akijua ninachoandika nikitoka nje.

Nilikaa tu, mtu mzima na ndevu zangu, machozi yananitoka mbele ya mkwe. Yeye akainuka akaniletea maji ya kunawa uso, akatoka ili nisione haya zaidi.

Baada ya siku mbili akaja mwenyewe Wiyoni, na kikapu kile kile. Arobaini ilikuwa imeshapita, lakini alikaa mwezi mzima. Susu ikatolewa stoo ikaning'inizwa. Kitanda cha magurudumu kikawa cha kuwekea nguo zilizokunjwa. Wiki ya tatu ya kukaa kwake nesi alitabasamu alipopima uzito, na mpaka leo Nasra hajaonja maziwa ya kopo.

Mlio kwenye kununua vitu vya mtoto, mimi si mtaalamu, ila nimelipia somo. Muulizeni mama mtu anataka nini kabla hamjamuuliza muuzaji. Kile kiti nilichokikataa nilikuja kukichongesha, na kati ya vyote ndicho kilichotumika sana, pamoja na chandarua kidogo cha kukunjuka na vitambaa vingi vingi. Mashine ya mvuke, maji yetu yana chumvi, baada ya wiki mbili iliota ukoko mweupe ikafa. Sufuria ipo. Na pampu si kitu kibaya, kuna kina mama inawasaidia sana, hasa wanaorudi kazini. Lakini subirini mtoto azaliwe, mkaonane na nesi, apimwe saizi. Ikiuma, simamisheni. Asiwepo mtu wa kumwambia ataizoea.

Kwenye group nilirudi nikaandika kwamba nilikosea na kwamba nilimvunjia mke wangu heshima. Wengi walikaa kimya. Mmoja akaniambia nisichukulie mambo serious. Nikatoka.

Rukia nilimwomba radhi tangu siku ile niliyorudi kutoka Faza. Alisema amesamehe, na ninamwamini, kwa sababu tunacheka, tunakula pamoja, ananitania kama zamani.

Lakini Nasra akitaka kunyonya na mimi niko chumbani, Rukia hugeukia ukutani. Huvuta kanga mpaka begani, na maongezi yanakatika hadi mtoto amalize. Mbele ya mamake hafanyi hivyo. Mbele ya majirani wa kike hafanyi. Kabla ya ile pampu hakuwa akifanya hata kwangu, zile siku kumi za mwanzo alikuwa akiniita nije nimtazame mtoto anavyokunja vidole akinyonya.

Nilimuuliza mara moja. Akasema, "Nimezoea tu."

Nasra atakuwa ameacha kunyonya baada ya mwaka na kitu inshallah, na vile vidole sitakuwa nimeviona tena.

Kina mama mlio humu, nyinyi hasa ndio nawauliza. Mume akishafanya hivi, afanye nini mpaka ageukiwe tena? Au aache tu, asiombe kitu asichostahili? Semeni chochote, nitasoma yote, na yenye ukali nitayasoma mara mbili.