Boti Ndogo Kwenye Mafuriko ya Katuma

Mwanangu, wewe unayeanza kushika bisibisi, sogea karibu. Ipo siku moja ya masika, miaka ya sabini, pale Sitalike, ambayo haijanitoka. Hata leo nikisikia kiboko akiguna, naacha nilichoshika nikasikiliza.

Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, fundi wa redio Mpanda mjini, mtaa wa Shanwe. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nsokolo, Mfipa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kutoa neno zito. Mhandisi mmoja wa maji, mgeni kutoka ng'ambo, alikuwa ametuletea boti yake tuitengeneze. Usifikirie boti ya kupanda watu. Ilikuwa ndogo, urefu kama mkono wa mtu mzima, ina mota ya umeme na betri tumboni, na inaongozwa kwa mawimbi ya redio. Unasimama ukingoni na sanduku lenye antena, unasukuma kijiti, nayo inakwenda unakotaka. Mhandisi aliitumia kuvusha uzi wa kupimia upana wa mito. Kuivuka mwenyewe hakuthubutu, maana mito yetu ina wenyewe, viboko na mamba.

Tulifika Sitalike kwa lori kumrudishia. Mhandisi hatukumkuta. Tulikuta vilio.

Mto Katuma ulikuwa umefurika na kutapakaa mbugani. Maji yalikuwa ya kahawia, mazito, yanasogea polepole kama yanayopeleleza njia. Mbali, katikati ya maji hayo, palikuwa na kichuguu kikubwa chenye mti juu yake. Na chini ya mti niliona kitenge ninachokijua. Alikuwa Sabina, dada yangu wa tumbo moja aliyeolewa pale, na mtoto mgongoni. Pembeni yake alikaa mama mkwe wake. Walikuwa wamelala shambani kulinda mpunga, maji yakawazunguka gizani. Mume wake alikuwa safarini Sibwesa.

Mtumbwi wa kijiji ulikuwa umepasuliwa na kiboko wiki hiyo hiyo. Kijana mmoja wa Kisukuma, mchunga ng'ombe, aliingia kuogelea, akageuka haraka akipiga kelele kwamba kitu kimempitia miguuni. Na maji yalikuwa yanapanda. Tulipofika, kichuguu kilikuwa na ukubwa wa kibanda. Baada ya muda kikabaki kama kitanda.

Mzee Nsokolo akakohoa. "Boti ivute mshipi wa kuvulia samaki," alisema. "Mshipi utavuta kamba, kamba itavuta mapipa. Nyie wengine fungeni mapipa yawe kama chelezo."

Nilipima betri kwa mita ya umeme. Sindano ikapanda vizuri. Nikafunga mshipi wa nailoni nyuma ya boti, nikaiweka majini. Ilikwenda, mwanangu! Watu walishangilia. Lakini ilipofika katikati, mlio wa mota ukafifia, ukawa kama wa nyuki anayekufa, kisha kimya. Boti ikasimama pale, inatikisika. Karibu nayo maji yakatoa mapovu, yakaibuka masikio mawili madogo, kisha macho.

Sabina alikuwa ameona. Alipaza sauti, "Kaka Gervas! Maji yamefika miguuni! Mchukue hata mtoto!"

Sijui nilifikiri nini. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimezama nikiwa nchi kavu. Nilitupa shati, nikaingia majini niifuate boti. Maji yalikuwa yamefika magotini nilipohisi mkono umenishika ukosi wa fulana, ukanivuta hadi nikaanguka chali kwenye tope.

"Unakwenda wapi?" Mzee Nsokolo aliniuliza.

"Kuifuata boti, Mzee! Dada yangu anakufa!"

"Na mkononi umeshika nini?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeshika mshipi. Mshipi ule ule uliofungwa kwenye boti.

"Hofu imekupofusha, mwanangu," alisema, bila kupaza sauti. "Ukiliwa, Sabina atakuwa na misiba miwili. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Vuta mshipi."

Tukavuta polepole, tukiogopa usikatike, huku yale macho yakitutazama. Boti ikarudi.

Nilitaka kuifungua mota palepale. Mzee akanizuia. "Boti iliposimama, usukani ulikuwa unakutii?"

Nikakumbuka. Nilipokuwa nahangaika na vijiti, mkia wa boti ulikuwa bado unageuka kulia na kushoto. "Ndiyo, Mzee."

"Basi redio ni nzima, na betri zake ndogo ni nzima. Usiguse huko. Shida iko kwenye umeme wa mota. Pima tena."

Nikapima betri kubwa, ile ya mota. Sindano ikapanda kama mwanzo. "Nzima," nikasema.

"Imepumzika hiyo. Hata mgonjwa akilala hulijui joto la ugonjwa wake. Iweke majini hapa ukingoni, ishike isiondoke, washa mota, kisha upime."

Nikafanya hivyo. Mota ilipoanza kuvuta, sindano ilianguka kama jiwe. Mzee akapitisha vidole kwenye nyaya, taratibu, kana kwamba hakuna kichuguu wala maji wala kilio. Akafika kwenye kichwa cha betri akaondoa mkono haraka. "Pamoto hapa. Shika."

Kweli, palikuwa pamoto. Chini ya kifungio kulikuwa na ukungu wa kijani na mweupe. Tukageuza boti. Panga lake la kusukuma maji lilikuwa limezongwa na nyasi hadi halionekani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mota ilikuwa inapigana na nyasi, ikinyonya betri, na umeme kidogo uliobaki ukawa unaishia kuchemsha kifungio kibovu.

Nikakata nyasi kwa kisu, nikakwangua waya hadi ukang'aa. Betri ilikuwa imechoka, haikufaa tena. Katekista, aliyekuja kuwaombea walio majini, alikuwa na pikipiki. Mzee akamwendea.

"Betri ya pikipiki yako ni volti sita, kama hii ya boti?"

"Ni sita, Mzee."

"Tuazime."

Katekista aliifungua mwenyewe. Tukaifunga. Nikasema, "Twende!" Mzee akakataa. "Ishike ukingoni kwanza. Pima ikiwa na mzigo, mota inavuta." Nilitaka kulia, mwanangu. Kichuguu hakikuonekana tena. Nilimwona Sabina akimpandisha mama mkwe kwenye panda ya mti, mtoto amemweka begani. Lakini nikashika, nikapima. Sindano ikatulia. Nikagusa kifungio, kikawa baridi.

Boti ikaondoka. Mzee akaweka kiganja chake chini ya sanduku kulitegemeza. Kiboko aliibuka karibu kabisa, wimbi likaifunika boti, nikafumba macho. Nilipofumbua, Sabina alikuwa ameinama ndani ya maji, ameikumbatia kifuani.

Akavuta mshipi, kamba ikafika, akaifunga kwenye mti. Mapipa yakaenda, Sabina akiyavuta kwake, nasi tukiyarudisha kwa kamba ya pili. Alikuja mtoto na bibi yake kwanza, wamefungwa kwa kanga, na njia nzima yule mama mkwe alikuwa anahesabu rozari kwa midomo. Kisha akaja Sabina. Alipokanyaga nchi kavu akakaa chini. Tulipotazama nyuma, mti ulikuwa umebaki matawi tu.

Nilimuuliza Mzee Nsokolo, "Wewe hukuogopa?" Akakohoa. "Niliogopa kuliko wewe. Ndiyo maana nilikwenda polepole."

Basi sikia, mwanangu. Hofu si aibu, ila usiipe usukani. Kitu kikikufia mkononi, uliza kwanza ni nini bado kinafanya kazi, utenganishe kizima na kibovu, usifungue kila kitu kwa pupa. Betri usiiamini ikiwa haina mzigo, na mtu vilevile. Panapochemka ndipo umeme wako unapopotelea. Na ukiisha kutengeneza, jaribu kabla ya kukabidhi roho ya mtu, hata kama wenye roho wanakulilia uharakishe.

Nenda sasa. Mungu akulinde na maji ya kina na moyo wa pupa. Akujalie wazee wa kukukemea ukiwa kijana, na ukizeeka akujalie vijana wa kukusikiliza.