Saluni Nzima Ilipolia

Msusi mmoja alikuwa na mdomo usiopumzika, ndiyo maana wateja walimwita Redio, naye aliitika bila kununa. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu: viti vitatu, sinki la kuoshea nywele, na feni iliyozunguka kwa kusuasua. Asubuhi hiyo alikuwa akimpamba bibi harusi, binti wa mtaa huohuo ambaye alikuwa akimsuka tangu yuko chekechea.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Wiki iliyopita vibaka walimkwapulia simu, naye akaenda kununua kopo la pilipili ya kupuliza.

"Safari hii wakija watanitambua," alijigamba, akilitoa watu walione.

"Shangazi, hebu rudisha hicho kitu," bibi harusi alisema.

"Mbona rahisi, mwanangu? Unabonyeza hapa tu..."

Pshiii!

Feni, ambayo ilikuwa haijawahi kumpoza mtu, siku hiyo ilifanya kazi ya miaka yote. Kufumba na kufumbua Redio alihisi macho yanaungua kama yametiwa makaa. Pua ikachuruzika, koo likajifunga. Alitaka kupiga kelele, ukatoka mluzi tu kifuani. Pumu yake ya utotoni, aliyodhani wameshaachana, ilikuwa imerudi.

"Nje! Wote nje!" alifoka mteja mmoja, muuguzi, rola zimejaa kichwani. "Na mtu asisugue macho!"

Wakajikokota hadi barazani, wanakohoa, wanagongana vichwa. Redio akaonyesha mfuko wa aproni yake. Muuguzi akapapasa, akatoa dawa ya pumu ya kuvuta, ambayo Redio aliibeba kwa kumwogopa mama yake tu.

"Vuta. Taratibu, dada. Tena."

Kifua kikalegea kidogo. Mtu akapitisha mpira wa maji dirishani, na muuguzi akaanza kuwasafisha mmoja mmoja, kichwa kimeinamishwa, maji yakitiririka machoni bila haraka. Muuza viatu wa chini, aliyelowa chapachapa kwa maji yaliyomwagikia dukani, akapanda juu kugomba. Akavuta pumzi moja tu, akajiunga kwenye foleni.

Hapo ndipo bwana harusi alipotokea na shada la maua. Akamkuta mchumba wake amelowa, kamasi zinamtoka, analia kwa kwikwi.

"Umeghairi?" akauliza, sauti inatetemeka.

"Sijaghairi! Ni pilipili!"

Kwa furaha akamkumbatia, shavu kwa shavu, kisha akajipangusa macho. Akaruka kama amekanyaga moto. "Mamaaa!"

Redio akacheka. Hakuna sauti iliyotoka, mabega tu yalipanda na kushuka, lakini kicheko kile kikawaambukiza wote, mpaka muuguzi akaangusha mpira na shangazi akakaa chini kwenye dimbwi.

Hospitalini, daktari hakucheka. Shangazi alikuwa amejisugua kwa nguvu hadi akachubua kioo cha jicho. Akapewa dawa ya matone na jicho likafunikwa. Redio alivutishwa mvuke wa dawa.

"Mwenye pumu anaweza kupoteza maisha kwa kitu hiki," daktari alimwambia. "Chumba kidogo namna ile, mngechelewa kutoka tungekuwa tunaongea mengine."

Redio akashika mkono wa mumewe, fundi seremala aliyekuja mbio na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Ndoa ilifungwa jioni. Maharusi, muuguzi na hata muuza viatu, ambaye hakuna aliyemwalika, walivaa miwani myeusi. Mfungishaji ndoa akainamisha kichwa: "Poleni sana na msiba."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Redio alikatazwa kucheza, basi akacheza akiwa amekaa, mabega na vidole, bega kwa bega na shangazi mwenye jicho moja. Muziki ulipokolea, mumewe akakiinua kiti pamoja na mtu wake, akaingia nacho katikati ya ukumbi, na shangazi nyuma yao anapiga vigelegele.