Siku Mama Mkwe Alipoisikia Nyumba Yangu kwenye Phonie

Hata leo nikikatiza soko la Kamina, wamama wa unga wakiniona tu, mmoja atapaza sauti "À vous!" na wengine wote watashika mbavu, na mimi nitacheka nao, maana nifanye nini, aibu yangu haikutokea mbele ya mtu mmoja ambaye ningemwomba anyamaze, ilitokea mbele ya karibu Katanga nzima, na kibaya zaidi mbele ya mama mkwe wangu, na nyinyi mnaojua mambo ya Baluba najua mmeshaanza kunihurumia.

Wakati ule nilikuwa opereta wa phonie katika ofisi ya kanisa. Phonie, kwa wasioikumbuka, ni ile redio ya kuongea mbali, inayokula batri ya gari: unabonyeza kitufe cha mikro, unasema, ukimaliza unasema "à vous", maana yake sasa zamu yako, unaachia kitufe, na hapo tu ndipo unaweza kumsikia mwenzako. Ukibonyeza husikii, ukiachia husikiki. (Mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Mimi pia nilielewa. Ngojeni.) Na jambo jingine, hewani hakuna siri: ukimwita mtu wa Kabongo, wa Bukama anasikia, wa Malemba anasikia, wa Likasi anasikia, na nyuma ya kila opereta kuna benchi la watu waliokuja kungoja habari za ndugu zao, masikio yamesimama.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo, kiangazi, vacance kubwa, likizo ndefu ya shule, asubuhi baridi ya kukunja vidole na mchana vumbi. Mke wangu Numbi alikuwa amekwenda Kabongo kwenye matanga ya baba yake, akaniambia atarudi baada ya juma moja, halafu barabara ikafungwa na treni ya kule ikasimama, na mimi nikabaki na watoto wetu wawili: Ngoie, binti aliyekuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa shule ya primaire na mdomo wake haujui likizo, na Kasongo, ambaye alikuwa amejifunza kutembea juzijuzi na kila alichokifikia alikivuta.

Basi maisha yangu yalikuwa hivi: kabla jua halijatoka nawasha makaa, napika uji, uji unaungua, nawaosha, mmoja anakimbia, nawapeleka kwa jirani yetu Mama Kalenga, nakimbia bureau, yaani ofisini, mchana narudi kupika bukari, ugali wetu, bukari inakataa kushikana, narudi bureau na unga kwenye nywele, jioni nafua, na usiku nalala katikati yao kama soseji ndani ya mkate. Nilichoka, sikatai, lakini niwaambie ukweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa kijana wa ndoto nyingi, kila nilipokuwa nafua nilikuwa najenga kichwani nyumba ya mabati ya bluu yenye baraza, na Numbi amekaa barazani.

Sasa mama mkwe. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakai pamoja, hawali pamoja, mkikutana njiani wewe unaingia majanini mpaka apite. Huyu wangu, tangu nioe, hakuwahi kunisemesha mdomo kwa mdomo. Akiwa na neno langu alimwambia mtu aliyesimama karibu yangu, "Mumwambie," na mimi nikajibu kwa njia hiyohiyo, nikiangalia chini. Huyo ndiye aliyetuma habari kutoka Kabongo kwamba mwanamume peke yake halei watoto, kwamba Jumamosi kuna treni ya kushuka Likasi, niwapandishe wajukuu wake waende kwa mdogo wake, na kama nina la kujibu nijibu Alhamisi kwa phonie, familia itakuja kusikiliza.

Usiku ule sikulala. Likasi si mbali kwenye ramani, lakini vita ni vita, mtoto akienda mbali nawe hujui utamwona lini, na mke nilikuwa nimeshamkosa tayari. Nikaamua: nitajibu vizuri, kwa sauti ya bureau, mpaka wakwe waone aibu ya kuuliza.

Alhamisi asubuhi nawapeleka Ngoie na Kasongo kwa Mama Kalenga, namkuta mlangoni, kikapu kichwani. (Kwetu "minyi" ni mimi, "weye" ni wewe, na "njo" ni ndiyo, msipotee.)

"Papa Ngoie, leo hapana. Mihogo yangu iko inaoza kwa shamba, minyi naenda."

"Mama, leo njo siku ya wakwe!"

"Basi uende nao kwa bureau. Phonie iko na meno?"

Nikaenda nao. Mchungaji alikuwa amesafiri, ofisi ilikuwa yangu peke yangu, nikasema moyoni, kitu gani kitaharibika. Nikamweka Ngoie kwenye kiti, Kasongo nikambeba mkononi, nikawasha mashine. Kabongo ikajibu saa ileile, opereta wa kule, Monga, akasema kwa kujitutumua, "Kamina, familia yote iko hapa, mama mkwe wako amekaa mbele, à vous."

Hapa sasa ndipo uamuzi wangu mdogo. Kitufe cha mikro yetu kilikuwa kimechoka, lazima ukikandamize kwa nguvu ya kidole gumba wakati wote, na Kasongo alikuwa anavuta waya kwa mikono yote miwili, na mimi nilikuwa na hotuba ndefu. Kwenye droo mlikuwa na utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikauzungusha kwenye mikro, nikakifunga kitufe kikabonyea chenyewe, nikajisifu kwa akili, nikaanza:

"Heshima kwa mama, heshima kwa familia. Batoto bako bazima. Banakula asubuhi, muchana na mangaribi. Banaoga na maji ya moto. Niko na mama mumoja mwenye kuangalia bao vizuri, siku yote. Hakuna shida hata kidogo. Kuenda Likasi kutabasumbua bure."

Nilikuwa bado sijamaliza, ningeongeza hata nyama, lakini nikasikia joto likishuka tumboni kwangu. Kasongo. Na siyo mkojo. Suruali yangu nzuri, ile ya ibada, yote. Nikasema haraka, "Familia mupumzike kidogo, nitawaita tena kupata jibu, terminé," nikaiweka mikro mezani, nikamshika mtoto kwa makwapa nikimweka mbali kama sufuria ya moto.

Mikro nikaiacha mezani na mpira wake.

Phonie ikawa kimya kabisa. Siku nyingine hewa ile hujaa watu wanaoitana, leo kimya, nikafikiri, ah, heshima gani hii, wote wametuachia nafasi.

"Papa," Ngoie akasema, "ile mama mwenye kutuangalia siku yote, njo nani?"

"Mama Kalenga."

"Lakini ameenda kwa shamba."

"Ngoie, nipe kile kitambaa."

"Na chakula ya mangaribi? Jana tulikula karanga, hakuna nyama."

"Nyama sikusema."

"Ulisema tunakula mangaribi. Karanga iko chakula?"

"Karanga iko chakula. Ile maneno ni ya kusema na bakubwa, ili babaki na roho ya kutulia. Shika mutoto."

"Papa, umesema bongo, umedanganya."

"Si bongo! Ni... Weye haujui bibi yako. Ule mama akisema 'Mumwambie', minyi naingia majanini. Sauti yake ni ile ya lokomotivu inaingia gare. Ungekuwa minyi, ungesema hata kama munakula keke."

(Ndiyo. Nilisema lokomotivu. Hewani. Naye amekaa mbele.)

Nikavua suruali. Sikuwa na nyingine, ila kwenye kikapu cha watoto kulikuwa na kitenge cha Numbi cha kumbebea Kasongo, nikajifunga kiunoni, na Ngoie, mwanangu mwenyewe, damu yangu, akatangaza kwa sauti ya mtoto wa kwaya, "Papa amevaa kitenge ya mama! Papa, magulu yako iko myembamba sana!"

"Usiangalie magulu ya baba yako. Lete maji."

"Na ile nyuma imefunguka."

"Ngoie!"

Nikamwosha Kasongo kwenye beseni, maji ya baridi (mliosikia habari ya maji ya moto, nisameheni), akalia sana, nikamwimbia wimbo niliomtungia mwenyewe, hauna maana, unasema Kasongo ana tumbo kama ngoma na babaye ana kichwa kama ngoma, na ukimaliza unapiga mdomo, pu pu pu. Niliuimba wote. Nikaurudia. Akacheka, nikamfunika na koti langu, nikakaa chini sakafuni naye, suruali imening'inia dirishani inachuruzika, na Ngoie akaja akakaa ubavuni, mara hii amepunguza sauti.

"Papa, kwa Likasi tutaenda kweli?"

"Bibi yako anataka."

"Na weye?"

Nilitaka kumjibu kwa sauti ya bureau, ikagoma kutoka.

"Minyi sitaki. Kupika sijui, ni kweli. Nywele zako nimezisuka vibaya, kila mutu anaona. Lakini mukienda, asubuhi nitaamuka namna gani? Nani atalia niamuke? Nitakaa ndani ya ile nyumba kama kiti. Mama yako akirudi, nataka akute sisi bote, hata kama iko na uchafu kidogo."

"Mama atarudi?"

"Sijui, mwanangu. Kila siku naita Kabongo, nasikia sauti yake kidogo, kisha naenda nyuma ya kanisa nalia, kisha nakuja kupika ile uji mubaya. Njo namna yetu kwa sasa."

Ngoie akaniegemea. Tukakaa hivyo muda mzuri, nadhani nilianza hata kusinzia, mara mlango ukafunguliwa kwa teke na baiskeli ikaanguka nje. Alikuwa Mukalayi, opereta wa phonie ya gare, stesheni ya treni, ametoka upande wa pili wa mji, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, akanitazama mimi, kitenge, suruali dirishani, akanyoosha kidole mezani.

"Mikro! Muntu wa Mungu, mikro! Bantu bote banakusikia! Bukama, Malemba, Likasi, mpaka Base ya jeshi! Minyi nilikuita, nilikuita, weye unaimba tumbo ya Kasongo!"

Nikatazama mikro. Mpira ulikuwa umeikumbatia vizuri sana.

Mukalayi akaufungua yeye, na kitufe kilipoachia tu, ile phonie niliyoiona ina heshima ikalipuka kama soko: watu wanacheka, opereta wa Likasi anapiga pu pu pu, mmoja wa Malemba anauliza kama suruali imekauka, mwingine sijui wa wapi anasema, "Kaka, vumilia, hata minyi nililia hapa." Nikaziba uso kwa mikono. Sikuwaza wao. Niliwaza kwamba nimewapandisha watoto wangu treni kwa mdomo wangu mwenyewe: uongo umejulikana, njaa imejulikana, mlezi hayupo, na mama wa mke wangu amesikia mpaka hali ya miguu yangu. Kesho kutwa ni Jumamosi.

Halafu Monga wa Kabongo akasema, "Bote munyamaze. Mama anasema. À vous, mama," na hewa yote ikatulia, hata Likasi.

Kwanza tulisikia pumzi tu, na mtu akimwonyesha mahali pa kubonyeza. Kisha sauti ile.

"Mumwambie," akasema, na Mukalayi, sijui kwa nini, akavua kofia. "Mumwambie ule muntu, uji hapana kuanzisha na maji ya moto. Unga anakoroga na maji ya baridi kwanza, kando, kisha njo anatia. Hakuna mwenye kumufundisha?" Nyuma yake nilimsikia mwanamke anacheka na kulia kwa pamoja, na nilijua ni kicheko cha nani. "Mumwambie tena: amenifanyia aibu mbele ya bantu. Ile magulu sikuiona, lakini nimeisikia. Aibu ya mukwe inaondoka na kuku. Kuku atanileta hapa Kabongo yeye mwenyewe, kwa mukono wake, siku njia itafunguka, na batoto bake bawili bamemufuata nyuma, minyi niwaone. Kwa mukono wa muntu wa Likasi sitapokea. À vous."

Ngoie ndiye aliyeelewa kwanza, maana alianza kurukaruka, "Hatuendi kwa Likasi!"

"Jibu!" Mukalayi akanisukuma. "Jibu, mama anangoja!"

Nikabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu zote. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini yaliyotoka ni, "Mumwambie mama, wafwako. Wafwako sana," asante ya Kiluba, basi, na nikaachia kitufe, nikatazama mara mbili kama kweli nimeachia.

Treni ya Jumamosi ilipita, tulienda kuipungia mkono. Nikaapa mambo mawili na sijayavunja: sitafunga tena kitufe kwa mpira hata nikiwa na watoto kumi mkononi, na sitasema tena mambo ya nyumbani kwangu kwa sauti ya bureau. Kesho yake asubuhi niliita Kabongo kabla hawajaniita.

"Kabongo, Kabongo, Kamina. Heshima kwa mama. Leo uji umeungua tena. Kasongo iko na mafua. Ngoie amekataa kuoga na minyi sikuwa na nguvu ya kubishana. À vous."

Nikaachia kitufe, nikaanza kujuta. Kisha si Monga aliyejibu.

"Bien reçu," yaani nimesikia vizuri, akasema mama mkwe, kwangu, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nioe. "Punguza moto."