Ukuta wa Nyumba ya Abiria

Kilichoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza Kindu kilikuwa swali ambalo mtu angeweza kuliuliza kwa pumzi moja: ule ukuta wa katikati ulikuwa umebeba paa, au ulikuwa umesimama tu?

Nyumba yenyewe ilijengwa na watu wa reli enzi za Wabelgiji, kati ya njia ya treni na mto, ili abiria wangojee humo. Aliyeshuka melini akitaka treni ya kusini na aliyeshuka kwenye treni akitaka meli, wote walipitia pale. Ilikuwa ndefu, ya matofali mekundu, yenye baraza mbili, moja ikitazama maji na nyingine ikitazama reli. Ukuta mmoja uliigawa kwa urefu wake wote. Upande wa mto ulikuwa wa Wazungu, na upande wa reli ulikuwa wetu. Nilipofika mimi, Wazungu walikuwa wameondoka zamani, abiria walikuwa wanangojea kwenye banda la mizigo, na nyumba ilikuwa mali ya popo. Mkuu wa zoni, yaani wa wilaya, alitaka ifufuliwe iwe ukumbi wa mikutano na wa ngoma za chama. Ukumbi ulihitaji chumba kimoja kikubwa. Kwa hiyo ukuta uondoke.

Mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo. Nilikuwa nimetoka shule ya ujenzi Lubumbashi, kijana mwembamba mwenye abakosti moja, ile suti isiyovaliwa na tai ya wakati ule, iliyokuwa pana mabegani, na katika Kindu nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyesomea majengo. Nilidhani jambo hilo lingenipa marafiki. Watu walinisalimia kwa heshima na kupita. Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, walikuja na ndoo na majembe, wakifanya kazi huku wakiimba na kutaniana, nami nikisimama kando na kamba yangu ya kupimia. Siku moja mwanamke mmoja aliniona nimeinua kamba ya timazi mkononi, nikingoja itulie, akawaambia wenzake, "Tazameni, injenieri anapima upepo!" Walicheka sana. Nilitamani kucheka nao, lakini nilipomaliza kufikiri kama kicheko changu kingeonekana cha kujipendekeza, walikuwa wamerudi kwenye wimbo wao.

Nilipanga chumba mtaa wa Mikelenge, kwa mama mmoja Mwislamu, mjane wa mfanyabiashara. Huyo ndiye pekee aliyezungumza nami kama mtu. Mimi nilikuwa mtoto wa Wakasai wa Katanga, Mkristo, lakini mwezi wa Ramadhani ulipoingia alinigongea mlango kila magharibi akanipa sahani ya wali wa Kibombo na samaki, akisema, "Weye haufungi, lakini una sura ya muntu mwenye kufunga mwaka muzima. Kula."

Kama kuna saa nilizozipenda mjini pale, zilikuwa zile.

Shaka yangu ilianza siku nilipopanda darini. Boriti za paa zilitoka ukuta wa mto hadi ukuta wa reli, zikipita juu ya ukuta wa katikati. Kumbe kila boriti ilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa mabamba ya chuma, na maungio yote yalikuwa juu ya ukuta ule. Fundi wa zamani aliunganisha pale kwa sababu ukuta ungebeba maungio, au kwa sababu pale ndipo palikuwa katikati? Nilitambaa kutoka boriti hadi boriti, vumbi la popo likiniingia puani, nikitafuta kama kulikuwa na nafasi kati ya mti na tofali. Sikuwa na kitu chembamba cha kupimia isipokuwa kadi yangu ya chama. Kwenye boriti ya kwanza kadi ilipita. Kwenye ya pili ilipita. Ya tatu ilikataa. Ya nne ikaingia nusu ikakwama, nami nikakaa gizani nikiwaza nitaelezaje kadi ya chama iliyochanika ndani ya ukuta wa mkoloni. Niliitoa polepole, nikaifuta kwa shati.

Kwa hiyo baadhi ya boriti ziliulalia ukuta na nyingine hazikuulalia. Labda ukuta haukujengwa kubeba, ila mti ulizeeka, mchwa wakala, paa likashuka kidogo na kujiegemeza. Labda ulijengwa kubeba tangu mwanzo, na udongo wa kando ya mto ndio uliozama sehemu fulani. Au nafasi zile hazikuwa na maana yoyote. Mpaka leo siwezi kuapa.

Nilimtafuta seremala mmoja aliyevuka kila asubuhi kwa mtumbwi kutoka Alunguli. Tulipanda naye. Akagonga boriti kwa ngumi, akasikiliza, akanitazama.

"Unaonaje, baba?" nikamwuliza.

"Mie ni muntu ya vitanda," akasema. "Vitanda na milango. Weye njo ulisoma."

"Lakini kwa macho yako. Litakaa?"

"Linaweza kukaa." Akafikiri. "Linaweza kuanguka pia."

Alishuka ngazi akiniacha juu. Nilijua hakunidharau. Aliamini kweli kwamba jibu lilikuwa ndani yangu, na kwamba nilikuwa nikimheshimu tu kwa kumwuliza. Walimu wangu walikuwa mwisho mwingine wa reli, na treni yenyewe siku hizo ilifika ilipotaka. Sijawahi kujiona peke yangu kama nilivyojiona pale darini, nikisikia watu chini wakisubiri neno langu.

Hesabu nilifanya. Nilifanya tena na kupata jibu jingine, kwa sababu kila hesabu ilitaka nijue nguvu ya mti ambao sikuujua jina, uliokatwa kabla sijazaliwa. Jibu moja lilisema paa litasimama bila ukuta. La pili lilisema litasimama kama hakuna upepo. Nikaanza kuwaza ukumbi umejaa, wanawake wanacheza mbele, dhoruba ya mvua inatoka mtoni. Halafu nikawaza kinyume chake: kwamba hakuna hatari yoyote, kwamba mimi ni mwoga tu, kama nilivyokuwa mwoga wa kuogelea, wa kuomba kazi, wa kumwandikia msichana mmoja wa Lubumbashi ambaye hatimaye aliolewa. Mtu anayeogopa kila kitu atajuaje ni hofu ipi ya kweli?

Nilikwenda kwa mkuu wa zoni. Alikuwa mtu mchangamfu mwenye tumbo, na kama wakubwa wote wa wakati ule alimwita kila mtu "sitwaye", neno la Kifaransa tulilopewa badala ya bwana.

"Sitwaye injenieri! Ukuta utaanguka Jumamosi?"

"Ninaomba tungoje kidogo, mukubwa. Sina hakika kama haubebi paa."

"Huna hakika." Akaegemea kiti. "Paa liko pale tangu wakati wa Mubeleji. Mvua ilipiga, vita vilipita, halikuanguka. Sasa litaanguka kwa sababu wewe umefika?"

Karani wake alicheka. Mimi pia nilicheka, na nikajichukia.

"Mie ninasema tu kwamba ukuta..."

"Ukuta njo shida, si paa," akasema, na uchangamfu ukamtoka. "Ukuta ule ulitutenga na wao. Wakubwa wanakuja kutoka Bukavu kufungua ukumbi. Unataka niwaambie kwamba kijana wetu mwenye diploma anapenda kulinda ukuta wa mukoloni?"

Nilisema, "Hapana, mukubwa," nikatoka.

Alikuwa amegusa kitu ambacho nilikuwa nimekizungushia kamba na vipimo ili nisikione. Nilipenda ukuta ule uondoke. Wazee wa mji, nyumba ikiwa imefunguliwa pande zote mbili, bado waliingia kwa mlango wa reli. Walizunguka jengo zima ili waingilie huko, miguu ikiwapeleka bila wao kufikiri. Niliwaona kila Jumamosi.

Na mama mwenye nyumba alikuwa na lake. Magharibi ya Ijumaa aliniletea sahani, akakaa kwenye kigoda mlangoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Kesho minakuja salongo," akasema. "Mie hawanilazimishi tena, ni muzee. Lakini minakuja. Uniwekee nyundo ndogo."

"Nyundo ya nini, mama?"

"Unauliza? Ya ule ukuta." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nilikuwa ningali kijana, arusi haina miaka miwili. Tulikuwa tunaenda Kibombo, mutoto wangu wa kwanza ana homa. Tulikaa chini, kwenye saruji, siku mbili, treni haiko. Pale katikati ya ukuta kulikuwa dirisha dogo la kutolea tiketi. Nilichungulia. Kule ngambo kulikuwa viti vya kukunja, vizuri, na mutungi wa maji juu ya meza. Hakuna muntu hata mumoja. Viti vinajikalia. Nikamwambia karani, baba, maji kidogo ya mutoto. Akaniambia, mto uko pale."

"Na mtoto?"

"Alipona. Leo ni mubaba, ana kitambi." Akasimama, akichukua sahani niliyokuwa sijaimaliza. "Lakini vile viti mie sijavisahau. Nitapiga nyundo ya kwanza. Halafu weye utapiga ya pili, kwa sababu ni mutoto yangu hapa Kindu."

Aliondoka akiimba kwa sauti ya chini. Nilibaki nimekaa kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya mkuu wa zoni, hata kwa kupoteza kazi. Sikuwa nimejiandaa kwa hili. Nikikataa, nitamkatalia yeye. Nikikubali, na boriti ya tatu ikawa kweli inabebwa na ukuta, basi atakuwa amesimama chini yake na nyundo yake ndogo, mbele ya watu wote, akicheka.

Nilipofika hapo, hesabu zilikoma. Sikupata hakika, niliacha tu kuitafuta. Niliona kwamba nimekuwa nikijiuliza kama mimi ni mwoga, swali linalonihusu mimi peke yangu, na kwamba paa halikujali kabisa mimi ni mtu wa namna gani.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa kwenye baraza ya reli. Mkuu wa zoni alikuwepo, kofia ya chui kichwani. Mama alikuwa mbele, kitenge kimefungwa kwa kazi, mkono umenyooshwa apewe nyundo. Nilipita katikati yao, nikaingia, nikasimama mgongo wangu ukigusa ukuta. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Leo hatubomoi."

Kelele zikazuka. Nikangoja zipungue.

"Sijui kama ukuta huu unabeba paa. Nimepima, sijui. Kwanza tusimamishe nguzo chini ya kila boriti, pande zote mbili za ukuta. Kuna vipande vya reli vimelala uwanjani, vinafaa. Nguzo zikisimama, ukuta utabomolewa, na nitapiga nami. Kabla ya hapo, hapana."

"Sitwaye, toka hapo," mkuu wa zoni akasema kwa upole uliotisha.

"Sitoki, mukubwa."

"Wageni wanakuja."

"Basi na wao wasiingie."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Hajui! Amesoma miaka yote ile, hajui!" na safari hii wengi walicheka. Nilimtazama mama. Hakucheka. Alishusha mkono wake polepole, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi.

"Ulinyamaza jana," akasema. "Ulikula wali wangu, ukanyamaza."

"Nilikuwa sijaamua, mama."

Aligeuka, akatoka kwa mlango ule ule wa reli. Mkuu wa zoni alisema ataandika Bukavu siku hiyo hiyo, akaondoka na watu wake. Wengine walikwenda kufagia uwanja, kwa kuwa salongo ni salongo na lazima mtu aonekane ameshika kitu. Hakuna aliyekuja upande wangu. Seremala wa Alunguli alisita mlangoni, akaangalia dari, akaenda na wengine.

Nilivua abakosti, nikaitundika kwenye lile dirisha dogo la tiketi. Nikapima kwa kamba mahali palipokuwa chini ya boriti ya tatu, nikachora duara sakafuni kwa chokaa. Kisha nikachukua sururu, nikaanza kuvunja saruji ili nichimbe shimo la nguzo ya kwanza.